Kilugha

Shuleni Mwanza, mtoto wa Magu akimwamkia mwenzake kwa Kisukuma, "mwangaluka", ataambiwa aache kilugha. Akiongea Kiingereza, hata cha kubabaisha, atapigiwa makofi. Ki- ya Kisukuma hutaja lugha tu, kama ya Kiswahili. Ki- ya kilugha ni ileile ya kijumba na kijitu. Sijasikia Kiingereza kikiitwa kilugha.

Kiswahili kimewakalisha Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mjaluo dawati moja, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Ni jambo kubwa, silibezi. Ila kuunganisha watoto hakukuhitaji kuwaonea haya bibi zao.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Ilichapishwa 1980, kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe. Lakini muswada wa kwanza ulikuwa mamia ya kurasa, zote za "kilugha"!

Wanaisimu wetu husema lugha za jamii. Neno zuri, ingawa lina harufu ya semina. Darasani inatosha kutaja jina: Kisukuma, Kizinza, Kijita.