Mgeuko wa Umbile la Njia za Hewa

Ndiyo istilahi ninayoipendekeza kwa kile ambacho matabibu wa pumu hukiita kwa Kiingereza "airway remodelling". Shambulio la pumu huja likaondoka, mgeuko hubaki. Kuta za mirija ya hewa huwa nene hata siku ambazo kifua hakibani. Mwaka 1922 Huber na Koessler walikwisha kuueleza unene huo kutokana na mapafu ya watu waliokufa kwa pumu.

Ukikitazama kipande cha ukuta huo kwa hadubini, utaona seli za kutoa ute zimezidi, tabaka la kolajeni chini ya utando wa ndani limenenepa, misuli laini imeongezeka na vishipa vipya vya damu vimechipuka.

Yote hayo huagizwa na molekuli za kupashana habari. Utando ukichokozwa na vumbi au virusi, seli zake hutoa TSLP na interlukini-33 kuiamsha kinga ya mwili. Seli za kinga huitikia kwa interlukini-5, inayoita seli nyeupe za damu ziitwazo esinofili, na interlukini-13, inayozidisha seli za ute. Esinofili nazo hutoa TGF-beta, protini inayoziamuru fibroblasti zitengeneze kolajeni. Katika kidonda cha ngozi, amri hiyo hutulia jeraha likifunga. Katika pumu uchokozi haukomi, na amri hurudiwa. Mwaka 2011 Grainge na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa hata mirija kubanwa tu, bila esinofili kuongezeka, kunatosha kulinenepesha tabaka la kolajeni.

Kwa hiyo kuita jambo hili "ukarabati" hakufai: kilichokarabatiwa kimekuwa bora. "Kovu" linakaribia, ila linaacha nje misuli na ute. "Mgeuko" hausifu wala hauahidi kurudi hali ya awali, na "umbile" hulitenga jambo hili na uvimbe wa kupita.

Tofauti hiyo ina kazi kliniki. Mzazi huuliza kwa nini mtoto apige pampu ya steroidi kila siku ilhali ile ya bluu humfungua kifua kwa dakika chache. Jibu ni fupi: "Mama, ya bluu inalegeza misuli tu. Hii ya kila siku inatuliza uvimbe unaochochea kuta zigeuke." Na kwa kuwa kuta nene zimeonekana hata kwa watoto wasiofika umri wa shule, maelezo hayo yatolewe mapema.