Damu ya Kifua: Story ya Kitum Iliyopitia Kisumu

Wasee, taja tu kwamba kuna jirani amekohoa damu. Haziishi dakika mbili kabla mtu hajasema Ebola ama Marburg. Huo woga una historia, na kipande chake kilipitia mji wetu.

Januari 1980, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha sukari cha Nzoia, kule Bungoma, alishikwa na homa na kuumwa kichwa vibaya. Siku chache nyuma alikuwa ameingia pango la Kitum, Mlima Elgon, lile ambalo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe. Richard Preston, mwandishi Mmarekani wa The Hot Zone (1994), anasimulia kwamba jamaa alipandishwa ndege ya abiria hapa Kisumu kwenda Nairobi, akitapika damu. Alifia Nairobi Hospital.

Wengi huachia story hapo. Mimi naona hapo ndipo inaanza. Daktari kijana kwa jina Shem Musoke alikuwa akijaribu kufungua njia ya hewa ili mgonjwa apumue, damu ikamrukia. Siku tisa baadaye akaanza kuugua mwenyewe. Wenzake wakahangaika na malaria, na taifodi, mpaka sampuli zilipopelekwa nje ya nchi na jibu likarudi: Marburg. Musoke alipona. Virusi vilivyotolewa kwenye damu yake bado vinaitwa Musoke kwenye maabara za dunia, na sijawahi kuona shule hapa inamtaja.

Jina Marburg lenyewe ni la mji wa Ujerumani, ambako wafanyakazi wa maabara waliugua mwaka 1967. Waliambukizwa na tumbili waliotoka Uganda. Yaani ugonjwa wa upande wetu ukapewa anwani ya Ulaya, lakini sifa mbaya tukabaki nayo sisi.

Mwaka 1987 Kitum ikarudia. Kijana wa Denmark wa miaka 15 aliingia pangoni, akaugua, akafa. Kulingana na Preston, wazazi wake walikuwa wanaishi Kisumu. Halafu 2007 watafiti wakapata virusi kwenye popo wa pango hilohilo.

Sasa, damu. Preston anaandika kama kila mtu anayeyuka akiwa hai. Wanasayansi kadhaa walimlaumu kwa kutia chumvi, na kusema kweli alitia kuliko ile ya ndovu. Marburg huharibu ini na mishipa midogo, damu inashindwa kuganda, inavuja fizi, pua, tumbo. Mapafuni inaweza kuvuja pia, lakini hiyo ni nadra, na wagonjwa wengi hawafi kwa kuishiwa damu. Kinachoua ni maji kutoka nje ya mishipa, presha kushuka, figo na ini kuzima.

Kwa hiyo mtu akikohoa damu Kondele ama Dunga, usimtafutie popo. Mara nyingi kwetu ni TB. Vijidudu vinatafuna pafu polepole, vinaacha shimo, na mshipa ulio ukingoni mwa hilo shimo ukipasuka, damu inapanda na kikohozi. Ikitoka kidogo, mtu anaosha leso na kunyamaza. Ikitoka nyingi, inaweza kumziba pumzi ndani ya dakika chache.

Na kunyamaza nako kuna historia. Zamani, mtu akikonda na kukohoa, wazee walisema ni chira, kuna mwiko umevunjwa nyumbani. Ukimwi ulipofika ziwani, ukavalishwa jina hilohilo, na kifua kikuu kikafichwa chini yake. Leo jirani akisikia kikohozi anasema Marburg, familia inafunga mlango, mgonjwa anabaki kitandani wiki nzima. Kipimo ni kutema makohozi kwenye kikopo. Dawa ni za bure hospitali za serikali, na TB ya kawaida inatibiwa kwa miezi sita.