Fizikia ya Mpemba

Ndugu Mhariri aliniomba niandike juu ya historia ya ufundishaji wa sayansi katika shule yetu. Nimeshika kalamu mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta nikiandika habari za shule nyingine na za mwanafunzi ambaye hakupata kusoma kwetu. Naomba radhi mapema. Sababu mtaiona huko mbele, maana katika habari hii nina deni langu mwenyewe.

Mwanafunzi huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, katika milima ya Usambara. Wavulana wa pale walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza katika jokofu. Wenye maziwa walikuwa wengi na nafasi katika jokofu ilikuwa haba. Waliolala bwenini hawahitaji kuelezwa zaidi.

Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake. Mwenzake mmoja alipomwona jikoni akakimbia, akachanganya maziwa mabichi na sukari na kuyamimina katika trei ya barafu bila kuyachemsha, asije akakosa nafasi. Imebaki trei moja tu. Mpemba akaona kwamba akisubiri maziwa yapoe ataikosa, basi akayaingiza yakiwa ya moto vile vile, ingawa alijua anaweza kuliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu wakarudi wote wawili kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha ganda. Ya mwenzake yalikuwa uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Naye akakubali, kama ambavyo sisi sote tungekubali.

Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo akamwambia kwamba yeye huweka maziwa ya moto makusudi, yapate kuganda upesi. Wauzaji wengine wa Tanga walifanya vivyo hivyo. Hapo napenda vijana mnaosoma sasa mtue kidogo. Hao wauzaji hawakuwa na kitabu cha fizikia, wala hawakumwuliza mtu ruhusa. Walikuwa na wateja wanaosubiri juani, basi.

Mpemba alifaulu, akachaguliwa kuendelea na masomo Mkwawa, Iringa. Mwalimu alipofundisha kanuni ya Newton ya kupoa, Mpemba akanyosha mkono na kuuliza swali lile lile. Akapewa jibu lile lile. Alipozidi kubisha, mwalimu akasema hiyo basi ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima. Tangu siku hiyo maneno hayo yakawa mzaha wa darasa. Akikosea kusoma logarithi, mwalimu humwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba, na wenzake nao wakadakia. Kila kosa lake likapewa jina lake.

Sitaki kumbeza mwalimu yule. Nimefundisha fizikia miaka mingi, tena miaka sita ya mwisho katika shule hii hii, nami najua alivyofikiri. Maji yenye nyuzi 100 hayawezi kufika sifuri bila kupita nyuzi 35. Yakifika 35 yamekwisha tumia muda, na yale yaliyoanzia 35 yametangulia mbele. Tangu hapo mwendo wao ni mmoja, basi ya moto yatashindaje? Hoja hii ni nzuri sana. Ina tundu moja tu, nalo ni dogo: inadhani kwamba kipimajoto kinakwambia kila kitu kuhusu maji. Lakini maji yaliyoshuka hadi 35 kutoka kwenye kuchemka si yale yale yaliyoanzia 35. Sehemu yake imepaa kama mvuke. Hewa iliyoyeyuka ndani yake imetoka. Ndani mna mikondo, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka. Pengine chombo chenyewe kimeyeyusha utando wa barafu kilipokalia, na sasa kimegusana barabara na chuma cha jokofu.

Adhuhuri moja Mpemba alikuta maabara ya biolojia wazi na hakuna mwalimu. Akachukua bika mbili ndogo za sentimita 50 za ujazo, moja akatia maji ya bomba, ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu la maabara. Baada ya saa moja zote mbili zilikuwa hazijaganda kabisa, ila ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu nyingi zaidi. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba jaribio hilo halikutosha kuthibitisha kitu, na kwamba alikusudia kulirudia. Mimi humsifu kwa sentensi hiyo kuliko kwa jambo lolote jingine. Kijana aliyechekwa na darasa zima angeweza kutoka pale akipiga kelele za ushindi.

Kisha akaja mgeni. Dakta Denis Osborne alikuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, katika chuo ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alizuru Mkwawa, na wanafunzi wakaruhusiwa kumwuliza maswali. Mpemba akauliza: vyombo viwili vya namna moja, maji ya kiasi kimoja, moja nyuzi 35 na jingine nyuzi 100, vikiwekwa katika jokofu, kwa nini cha nyuzi 100 huganda kwanza? Osborne akatabasamu, akamtaka arudie swali. Akamwuliza kama kweli amejaribu. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, lakini atakaporudi Dar es Salaam atajaribu.

Wenzake Mpemba walimlaumu kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne kwa upande wake hakuamini, lakini alitimiza ahadi. Alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, akaongeza kwa moyo mwema kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Nimesimulia kisa hiki katika vyumba vya walimu mara nyingi, na kila mara kicheko huanza kwa walimu wa sayansi.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, karibu na Moshi. Baadaye kazi yake ikawa ya uhifadhi, si ya fizikia. Katika majaribio ya Dar es Salaam, maji ya sentimita 70 za ujazo yaliwekwa katika bika juu ya kipande cha povu la plastiki, ili utando wa barafu chini usiwe sababu. Maji yaliyochelewa kupita yote kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia nyuzi 25. Yaliyoanzia karibu nyuzi 90 yalianza mapema zaidi sana. Walipomwaga utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa, ishara kwamba joto lilikuwa likitokea juu zaidi kuliko ubavuni.

Jambo lenyewe lilikuwa la kale. Aristotle aliliandika, na Francis Bacon na Descartes nao waliligusa. Lakini jina lililobaki ni la kijana wa Magamba, na mzaha wa darasani ukawa istilahi ya vitabuni.

Msidhani kesi imekwisha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kueleza sababu, na majibu yapatayo 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kukudanganya. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer huko Kanada waliacha maji ya kugandisha kabisa, wakatumia kishanga kidogo mno kinachosukumwa kwa nguvu ya mwanga, nao wakaona wazi kwamba kilichoanzia joto kubwa kinaweza kupoa kwanza. Kwa maji ya jikoni, ubishi unaendelea. Mimi mwenyewe nimejaribu kwa vikombe viwili katika friji ya nyumbani, mara nyingi kiasi cha mke wangu kulalamika. Safari nyingine ya moto hushinda, safari nyingine hushindwa.

Sasa deni langu. Mwaka wangu wa pili wa kufundisha hapa, mvulana mmoja wa kidato cha pili aliuliza hivi: muuza aiskrimu hutumbukiza kopo la maziwa katika ndoo ya barafu, kisha hunyunyiza chumvi. Chumvi inayeyusha barafu. Kitu kinachoyeyuka kinaelekea kwenye joto, sivyo? Mbona basi ndoo inazidi kuwa baridi? Nilimwambia swali hilo halimo katika silabasi, akae chini. Darasa likacheka. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na sikutaka lijulikane. Hakuuliza tena mwaka ule.

Katika mkutano wetu uliopita alinijia, mtu mzima mwenye mvi, akanisalimu kwa heshima zote. Hakulitaja. Mimi nililikumbuka usiku nikiwa nimelala.

Basi, mwanangu, jibu ni hili. Juu ya barafu daima mna unyevu kidogo, na chumvi huyeyuka humo. Maji ya chumvi hayagandi kwenye sifuri, kwa hiyo barafu iliyoyagusa inayeyuka. Lakini gramu moja ya barafu haiyeyuki bure, inadai kalori 80 hivi, na ndani ya ndoo hakuna moto wa kuzitoa. Inazichukua kwenye barafu iliyobaki, kwenye maji yenyewe, na kwenye maziwa ya kopo. Kwa hiyo vyote vinashuka chini ya sifuri. Ukitia barafu sehemu tatu na chumvi sehemu moja, ukakoroga vizuri, unaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Barafu iwe imepondwa, na ndoo ifungwe gunia.