Haipavaiza: kitu cha babu kilichorudi kwenye boksi dogo

Kwenye kundi letu la majadiliano kuna mwenzetu alisema kwamba haya mambo ya kompyuta moja kubeba kompyuta nyingine ndani yake yameletwa na hawa jamaa wa huduma za wingu. Hapana bwana, hiyo kitu ina umri wa babu! Leo naisimulia, maana humo kuna somo kwa sisi tunaojiandaa kushika chaki.

Twende mwaka 1964, mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. IBM walikuwa na kituo cha utafiti pale, na Robert Creasy na wenzake wakaanza kutengeneza mfumo ulioitwa CP-40. Kompyuta zama zile ilikuwa ghali, inajaza chumba, na wanaoitaka ni wengi. Wao wakampa kila mtu kompyuta pepe, yaani huwezi kuishika, lakini programu iliyomo ndani inaiona ni ya kweli kabisa. Mwaka 1967 CP-40 ilikuwa kazini, ikibeba kompyuta pepe hadi 14 kwa mpigo, kila moja na memori ya kilobaiti 256. Ikafuata CP-67, halafu mwaka 1972 IBM wakatangaza VM/370. Msimamizi anayegawa mashine namna hiyo ndiye haipavaiza.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg wakaandika masharti ambayo prosesa inatakiwa itimize ili igawanyike vizuri. Sasa kichekesho: prosesa za x86, hizi za kompyuta zetu za mezani, hazikuyatimiza! VMware, kampuni iliyoanza mwaka 1998, ikabidi itafsiri amri korofi wakati programu inaendelea kukimbia. Xen ya mwaka 2003, kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge (hii ni Cambridge ya Uingereza, msichanganye), ikataka kerneli ya mgeni irekebishwe kwanza. Intel waliweka msaada ndani ya prosesa mwaka 2005, AMD mwaka 2006, na mwaka 2007 KVM ikaingia kwenye kerneli ya Linux.

Hapo wengi huishia, lakini utamu unaanzia hapa. Haipavaiza ikaingia kwenye kompyuta zilizofichwa ndani ya vitu: simu, magari, mashine za viwandani. Kwa nini, wakati prosesa zimeshakuwa bei chee? Kwa sababu safari hii shida si uhaba. Shida ni kazi mbili zenye tabia tofauti kukaa kwenye chipu moja. Moja inachora picha kwenye skrini, ikikwama kidogo hakuna anayekufa. Nyingine inaendesha mota, ikichelewa mtu anakatwa mkono. Unaziachaje zigusane?

Mfano mzuri ni Jailhouse, iliyotangazwa mwaka 2013 na Jan Kiszka wa Siemens. Yenyewe haigawi prosesa kwa zamu. Kila chumba kinapewa prosesa zake na memori yake, basi. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kuandaa taswira ya mfumo mwenyeji. Linux ndiyo inawaka kwanza, na tangu kuwaka unaiambia kipande fulani cha memori isikiguse. Kisha unaandika faili la mgao: prosesa zipi, memori kuanzia anwani ipi hadi ipi, vifaa gani, vya nani. Jailhouse ikiwashwa, Linux yenyewe inageuka mpangaji! Kwenye chumba kingine unaweza kuweka mfumo mdogo kama FreeRTOS. Anayegusa eneo ambalo halimo kwenye mgao wake, prosesa yake inaegeshwa palepale. Ukikosea namba moja kwenye faili, hakuna wa kumlaumu.

Ni kama nyumba ya kupanga. Mkichangia LUKU moja mnaishi kwa kuaminiana, na siku mmoja akipika na jiko la umeme ugomvi unaanza. Kila chumba kikiwa na LUKU yake, hata jirani awe mkorofi vipi, giza lake halikuhusu.

Sasa somo lenyewe. Historia ya teknolojia tunafundishwa kama ngazi: kipya kinaua cha zamani, tunasonga mbele. Haipavaiza inakataa. Wazo la 1964 lilizaliwa ili watu wengi wagawane kitu adimu, likarudi miaka hamsini baadaye ili vitu vitenganishwe. Mwanafunzi akikariri tarehe tu hataona hilo. Akiuliza "walikuwa na shida gani?" ataliona lenyewe.

Ni hayo tu kwa leo. Anayebisha karibu, uwanja ni wenu.