Njia ya Kasumbalesa

Tarehe 8 Novemba 2015, siku ya Jumapili, nilikuwa Kasumbalesa upande wa Zambia, lori langu likiwa katikati ya foleni isiyosogea. Utingo alikuwa amelala chini ya tela akikwepa jua. Lubumbashi ilikuwa mbele yetu, kilomita zisizofika 100. Jioni ile Mazembe, timu ya mji huo, walikuwa nyumbani, Kamalondo, wanacheza mechi ya pili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na USM Alger ya Algeria, na mbele kwenye ushambuliaji alikuwapo kijana wa Mbagala.

Hesabu yangu niliianza tangu Tunduma. Ijumaa navuka, Jumamosi napakua mzigo, Jumapili naoga, navaa shati safi, naingia uwanjani kama mtu na heshima zake. Hesabu za dereva, bwana, hufutwa mpakani. Karatasi moja ya mzigo ilikosa muhuri, wakala kazima simu, nami nikabaki na shati langu safi kwenye begi.

Tukaitazama mechi kwenye baa ya mabati, madereva wa kila taifa la njia ile, tumebanana mpaka mlangoni. Dakika ya 75, penalti. Anayeweka mpira ni Mbwana Samatta. Wiki iliyotangulia, kule Algiers, alishafunga moja, nalo kwa penalti, katika ushindi wa 2-1. Nakumbuka muuza baa mwenyewe aliacha kufungua chupa. Akafunga. Mwishoni Roger Assalé akaongeza la pili, ikawa 2-0, jumla 4-1. Kombe la Afrika limerudi Lubumbashi, na aliyeifungia timu yake magoli saba katika mashindano yale alikuwa anatoka kwetu, Barabara ya Kilwa.

Nimeendesha malori njia ile kwa miaka mingi kabla mgongo haujanistaafisha, na nikiwa kijiweni nasikia vijana wakisimulia habari ya Samatta kana kwamba alilala Dar es Salaam akaamka Ulaya. Wanaanza na Genk, wanamalizia na Aston Villa. Miaka minne na nusu ya Lubumbashi wanaipita kama kituo kisicho na abiria. Mimi njia hiyo naijua mzani kwa mzani, ndiyo maana nataka kuisimulia ilivyopita.

Samatta alizaliwa Desemba 1992. Mbagala aliyokulia haikuwa Mbagala ya leo yenye mabasi ya mwendokasi. Watu walikuwa wakiingia daladala kwa dirishani, na mpira ulichezwa popote palipobaki wazi kabla mtu hajamwaga mchanga wa kujengea. Hata soko lilikuwa na timu yake, Mbagala Market. Timu ile ilipanda mpaka Ligi Kuu, ikanunuliwa na Mohammed Dewji na kubadilishwa jina kuwa African Lyon. Sisi wa Temeke miaka ile tunaihesabu kwa mabomu: tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, watu wakakimbia na watoto mgongoni bila kujua wanaelekea wapi. Samatta alikuwa na miaka 16. Muda si mrefu jina lake likaanza kutajwa kwenye vijiwe vya kahawa: kuna dogo Lyon, mwembamba, anakimbia kama anafukuzwa.

Mwaka 2010 Simba wakamchukua. Mimi ni Yanga, sifichi, na habari za usajili wa Msimbazi huwa nazisikiliza kwa sikio moja. Lakini droo ya Ligi ya Mabingwa ya 2011 iliwakutanisha Simba na Mazembe, na hapo nikafungua masikio yote mawili, kwa sababu Mazembe niliwajua. Walikuwa mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010. Desemba 2010 walikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, wakawafunga Internacional ya Brazil 2-0, wakaingia fainali na Inter Milan. Walifungwa 3-0, sawa, lakini hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika pale kabla yao. Nilikuwa Lubumbashi siku chache baada ya hapo, na mji mzima ulitembea kifua mbele.

Simba wakafungwa 3-1 kule, wakafungwa 3-2 hapa Uwanja wa Taifa. Sisi Yanga, watu wa Jangwani, tulicheka wiki nzima. Kicheko kikakatika ghafla, maana Simba walikata rufaa kwamba Mazembe walimchezesha Janvier Bokungu kinyume cha taratibu, na CAF ikawatoa Mazembe mashindanoni. Simba wakapelekwa Cairo kucheza na Wydad Casablanca mechi moja ya kugombea nafasi ile, wakalala 3-0. Ukiitazama kwa karatasi, kila mtu alipoteza. Lakini katika dakika zile 180 wenye Mazembe walikuwa wameona walichokiona, na 2011 haikuisha kabla hawajamchukua Samatta pamoja na Mganda Patrick Ochan kutoka Simba. Thomas Ulimwengu naye akajiunga nao mwaka uleule. Samatta alikuwa na miaka 18. Msimbazi hakukaa hata muda wa kuzoea geti.

Sasa hapa ndipo watu wengi wa Dar walipokunja uso. Kongo? Kwetu mchezaji akienda nje, maana yake alivuka bahari. Mfano ulikuwa Sunday Manara, tuliyemwita Computer, aliyetoka Yanga miaka ya 1970 akaenda Uholanzi kuchezea Heracles. Baadaye vijana wetu wakaelekea Uarabuni, Oman na Falme za Kiarabu, wengine wakacheza, wengine wakaishia kwenye kazi nyingine. Mashariki na kaskazini ndiko macho yalikoelekea. Magharibi tulipeleka mizigo tu. Nakumbuka abiria mmoja niliyempa lifti Mbeya aliniambia kijana ameharibu maisha, atarudi na malaria na bila mshahara. Nikamuuliza kama amewahi kufika Lubumbashi. Hajawahi. Basi nikawasha redio.

Tulisahau kwamba njia ya magharibi ni ya zamani kuliko lami yake. Msiri, aliyetawala Katanga kutoka Bunkeya, alikuwa Msumbwa wa huku kwetu, magharibi ya Tabora. Baba yake, Kalasa, alifuata shaba ya Katanga kwa miguu pamoja na misafara, na mwana akabaki kulekule, akajenga dola kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa, mpaka Desemba 1891 alipopigwa risasi na watu wa msafara wa Stairs waliokuwa wakimtumikia mfalme wa Ubelgiji. Watu wake, Wayeke, wapo hadi leo. Halafu wakaja Wabelgiji wenyewe na kampuni yao ya madini, Union Minière, iliyoanzishwa 1906. Mwaka 1910 wakaanzisha mji wa Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi. Vibarua walitoka kila upande, kila mmoja na lugha yake, na lugha waliyokutania migodini na sokoni ikawa Kiswahili.

Kiswahili chao kina ladha yake. Watu ni bantu, maji ni mayi, mtoto ni mutoto. Mara ya kwanza nilicheka, na mama aliyekuwa akiniuzia bukari, ugali wao, akanitazama kama mimi ndiye nisiyejua kusema. Lakini nilikula, nililipa, nilielekezwa gereji, nilibishana na fundi kuhusu bei ya springi, vyote bila mkalimani. Kwa kijana wa miaka 18 anayehamia mji wa ugenini peke yake, hilo si jambo dogo. Wangapi wamerudi kutoka Ulaya baada ya miezi sita kwa sababu ya baridi na kukosa wa kuongea naye? Samatta alifika mahali ambapo mtu akimtukana anaelewa, na akisifiwa anaelewa.

Na klabu yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Ilianzishwa 1939 na watawa wa Kibenedikto kwa jina la Mtakatifu Joji. Baadaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi ya Ubelgiji, jambo ambalo sisi madereva tunalipenda kuliko inavyostahili. Kwa jina hilo wakabeba Kombe la Afrika 1967 na 1968. Enzi za Samatta mwenye timu alikuwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga tangu 2007, na mtu yule alitumia fedha kwenye mpira kama wengine wanavyotumia kwenye siasa. Timu ilikuwa na ndege yake. Uwanja mpya wa Kamalondo, wa watu 18,500, ulifunguliwa mwaka uleule wa 2011 alioingia Samatta. Nimeukalia mara tatu. Nyasi za bandia, jezi nyeusi na nyeupe, kunguru kila mahali, maana ndilo jina lao la utani, na ngoma zisizonyamaza hata wakati wa mapumziko.

Mara ya kwanza nilipomwona pale, ilinichukua muda kumtambua. Dar alikuwa mtu wa kupewa mpira na kusubiriwa afanye jambo. Pale alizungukwa na watu waliokwisha kufanya mambo: Trésor Mputu, Rainford Kalaba wa Zambia, na Kidiaba, yule kipa aliyekuwa akishangilia goli kwa kudunda kwa makalio. Nilichoona ni kijana anayekimbia bila mpira kuliko anavyokimbia nao. Anakwenda, hapewi, anarudi, anakwenda tena. Mzee wa Kikongo aliyekaa pembeni yangu hakuwa amevutiwa. Mimi nilivutiwa, lakini labda ni kwa sababu najua kazi ya kwenda na kurudi.

Wala haikuwa sherehe kila mwaka. Mwaka 2012 Espérance ya Tunisia iliwatoa kwenye nusu fainali. Mwaka 2013 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho wakazuiwa na Sfaxien. Mwaka 2014 Vita Club, watani wao wa Kinshasa, wakawatoa tena nusu fainali, na usiku wa habari ile nilikuwa Likasi, ambako hata kununua mkate kulihitaji sauti ya msibani. Miaka mitatu unagonga mlango uleule. Mchezaji wetu wa kawaida, kwa miaka hiyo mitatu, angekuwa amebadilisha klabu mara mbili na kugombana na kocha mara tano.

Ndiyo maana 2015 ilinigusa namna ile. Nusu fainali Al-Merrikh ya Sudan iliwafunga Mazembe 2-1 kule Omdurman. Marudiano Kamalondo, wakashinda 3-0, mawili ya Samatta. Kisha Algiers, kisha ile Jumapili ya foleni. Wale wanaosema penalti si goli waulizwe kama wamewahi kupiga moja mbele ya mji unaosubiri tangu 2010.

Tarehe 7 Januari 2016, Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akiwaacha Kidiaba na Baghdad Bounedjah wa Algeria. Hakuna Mtanzania aliyekuwa ameshika tuzo ile. Mwisho wa mwezi uleule akasaini Genk. Ya huko mnayajua: ubingwa wa Ubelgiji 2019 na magoli 23 ya ligi, tuzo ya Kiatu cha Ebony, goli pale Anfield, kisha Uingereza, na goli Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi. Sina la kuongeza, niliyaona kwenye runinga kama ninyi.

Ila kuna moja ambalo lilinishangaza nilipoelezwa. Genk ni mji wa migodi. Makaa ya mawe. Klabu yenyewe iliundwa 1988 kwa kuunganisha timu mbili za vitongoji vya wachimbaji, Waterschei na Winterslag, wakati migodi yao ikifungwa. Kwa hiyo kijana alitoka mji wa shaba uliojengwa na Wabelgiji akaingia mji wa makaa wa Wabelgiji wenyewe, kwa mashabiki ambao baba zao walirudi nyumbani na vumbi jeusi masikioni. Sijui kama yeye aliliona hilo. Mimi ningeliona kwa sababu nimeshinda siku nyingi nje ya mageti ya migodi nikisubiri mzigo, na najua watu wa migodini wanavyotazama mpira: hawapendi mtu anayetembea.

Habari ya Genk ilinikuta Lubumbashi, kwenye yadi, tunapakia mabamba ya shaba, tani 30, kwenda bandari ya Dar. Mpakiaji mmoja, mtu mzima, mikono kama koleo, alikuwa na redio ndogo mfukoni. Akaizima, akanitazama.

"Mutoto yetu amekwenda," akasema.

"Wenu wapi? Yule wa Mbagala," nikamjibu. "Nyumbani kwao napajua."

"Mbagala alizaliwa. Hapa alikomaa."

"Kwani angezaliwa wapi mngemkomaza?"

Akacheka, akasema sisi Watanzania tunapenda maneno. Nikamwambia wao wanapenda vya watu. Utingo wangu, ambaye ni Simba damu, akatoa kichwa nyuma ya tela akasema wote tunyamaze, mchezaji alikuwa wa Msimbazi na karatasi zipo. Mpakiaji akamrushia ncha ya kamba. Tukafunika turubai, tukakaza, na kabla ya saa nane tulikuwa tumeshika njia ya kurudi.