Ndege za mfano
Ndege za mfano ni nakala ndogo za ndege halisi, zikiwemo za kijeshi, zinazoundwa kwa burudani. Seti za vipande vya plastiki vya kipimo cha 1:72, Frog Penguin, zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1936. Kwa kipimo hicho, helikopta ya Mi-24 yenye urefu wa mita 17.5 hupungua hadi sentimita 24 hivi. Katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto huunda za kwao kwa waya, vijiti na makopo: kopo hukatwa likawa kiwiliwili, vifuniko vya chupa vikawa magurudumu. Ndege za kuiga hawazikosi: helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2010, zimetumia uwanja wa Mavivi, karibu na Beni.