Uganda na Urithi Wake: Makala kwa Msomaji wa Mwabungo

Uganda ni nchi ya Afrika Mashariki isiyopakana na bahari. Imezungukwa na Kenya, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Tanzania. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 241,000, mji mkuu ni Kampala, na ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Makala haya yanaitazama kutoka Mwabungo, kijiji cha Wadigo kusini mwa Diani, pwani ya Kenya, jirani na Kinondo, kwa sababu urithi wa nchi hiyo ya bara una mkono wa pwani ndani yake zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, kabla ya Mzungu yeyote. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kufika kwa Kabaka, yaani mfalme, Suuna II mwaka 1844. Mutesa I, mwana wa Suuna, alijifunza Kiarabu na Kiswahili, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, ila alikataa kutahiriwa. Mwaka 1876 vijana wa kasri lake walioushika Uislamu kumzidi waliuawa Namugongo. Leo Namugongo husifika kwa mashahidi Wakristo wa tarehe 3 Juni 1886, na wengi husahau kwamba Waislamu walitangulia.

Misafara hiyo hiyo ilileta nguo za pamba, na kwa sababu yake, nguo za magome zikapoteza soko. Baganda huzitengeneza kutokana na mti wa mutuba. Wakati wa mvua fundi hubandua gome la ndani, hulilainisha, kisha hulipondaponda kwa nyundo za mti, kila nyundo ikiwa na mifuo yake, ndani ya banda la wazi ili gome lisikauke upesi. Hutanuka likawa kitambaa chepesi chenye rangi ya udongo mwekundu. Shina lililobanduliwa hufungwa majani ya mgomba; gome huota upya na mti huvunwa tena miaka mingi. Kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge. Siku hizi nguo hizo zimebaki kwa matawazo, mazishi na ibada. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005.

Lakini mahali ambapo mtu wa Kinondo angejiona nyumbani ni Kasubi, Kampala. Mutesa I alijenga kasri hapo mwaka 1882, akafa 1884, na kasri likawa kaburi lake. Baadaye walizikwa humo makabaka Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli, Mutesa II akafia London, na wote wawili wakarudishwa. Jengo kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ni la mviringo, limeezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, na ndani ya paa mna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Nyuma ya pazia la nguo za magome kuna sehemu iitwayo kibira, yaani msitu, ambako makabaka wamepumzika. Msitu wa Kasubi basi uko ndani ya nyumba. Wa Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ni miti hasa, na mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia. Wazee wa huku ni Waislamu na bado wanailinda kaya. Daudi Chwa alikuwa Mkristo na bado alizikwa Kasubi. Mwenye kuona mgongano hapo hajawaelewa wenyewe.

Kasubi iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, mwaka 2008. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jengo kuu liliteketea. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Baada ya misafara ikaja reli, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Njia hiyo iliifikia Kampala mwaka 1931, na hadi leo sehemu kubwa ya shehena za Uganda hupitia bandari ya Mombasa.

Kiswahili kilikwenda polepole zaidi. Wengi Uganda walikihusisha na askari. Kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni.

Kwenda kujionea si vigumu: tangu 2014 Mkenya huvuka Malaba au Busia kwa kitambulisho cha taifa tu. Kasubi viatu huvuliwa mlangoni, na mwanamke hutakiwa kuvaa sketi ndefu au kujifunga leso. Atokaye Mwabungo achukue yake.